Giza Lenye E Mbili

Shemeji yangu ni fundi umeme, na mtaani kwetu wanamwita Fundi Mwanga. Jina alipewa na wateja, naye alilipokea kwa mikono miwili. Mimi nikilitamka mbele ya wageni huwa nahakikisha wamenielewa vizuri: mwanga wa taa, si yule mwanga wa usiku anayeruka na ungo. Yeye huchukia, na ndiyo sababu sijaacha. Amemwoa dada yangu mkubwa, na shemeji asiyetaniwa ni mboga isiyo na chumvi.

Ni mtu mfupi, mabega mapana, sauti kubwa kuliko nyumba yake. Testa, bisibisi ya kupimia umeme, huichomeka mfuko wa kifuani, mahali ambapo wenzake wa rika lake huchomeka kalamu, na nadhani angezikwa nayo kama angeruhusiwa. Mimi nilifundisha Kiingereza shuleni hadi nilipostaafu, na nilijaribu kumfundisha na yeye, nikashindwa. Kiingereza chake chote ni cha maboksi: washa, zima, hatari, usiguse. Anasema kinamtosha, kwa sababu hata ndoa inaendeshwa kwa maneno hayo hayo.

Nyumba alizoziwekea umeme ni nyingi mno, lakini sebuleni kwake balbu inaning'inia kwa waya uliozungushiwa tepu, na swichi ya msalani sharti uipige kofi. Mganga hajigangi. Dada yangu alilalamika miaka mpaka akachoka, siku hizi humwambia mgeni, "Ipige tu, imezoea."

Mtoto wao wa mwisho ni binti, tunamwita Kitinda, kifupi cha kitindamimba. Kaka zake walikimbilia kazi za kukaa kwenye viti vya kuzunguka. Yeye akamfuata baba yake kwenye dari za watu. Alianza kwa kushika tochi, akapanda cheo akawa wa kukata waya, na sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayeweza kusuka waya za nyumba nzima huku anapiga mluzi. Wateja wakipiga simu humtaka Fundi Mwanga, na akija Fundi Mwanga bila Kitinda huuliza, "Leo uko peke yako?" kwa sauti ya kutoridhika.

Walikuwa na sababu. Macho ya shemeji yalikuwa yameanza kumkimbia. Kwanza alilisukuma gazeti mbali, mbali, hadi mkono ukaisha. Halafu akahamia kwenye picha tu. Siku moja alilisalimia sanamu la plastiki linalosimama mlangoni kwa fundi cherehani limevikwa gauni, akapita, kisha akarudi kulilaumu kwa kutoitikia salamu. Fundi cherehani alikuwa ndani, akajikaza asicheke, akaitikia kwa niaba ya sanamu. Nilisimuliwa na fundi cherehani mwenyewe.

Mtu mwingine angeweza kuzeeka na macho hafifu bila shida. Lakini fundi umeme asiyetofautisha waya mwekundu na mweusi anaweza kujiua, au akaunguza nyumba ya watu. Shemeji alilijua hilo vizuri, na badala ya kulisema alibuni mtihani. Akifungua swichi ukutani huvuta waya mmoja, anaushika kwa vidole viwili, na kumgeukia Kitinda.

"Haya, mwanafunzi. Hii rangi gani?"

"Nyekundu, baba."

"Vizuri. Nilitaka kuona kama umeamka."

Kitinda alijibu mtihani huo kila siku ya kazi, waya baada ya waya, bila kucheka. Siku aliyougua mafua akalala ndani, baba yake naye hakwenda kazini. Alisema umeme wa siku hiyo hauna tabia nzuri. Mtaa mzima ulijua. Asiyejua kwamba tunajua ni yeye peke yake, na tulimwachia hivyo kwa sababu tulimpenda, na pia kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri.

Ndipo akaja huyo kijana. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, ufundi aliousomea Uingereza, na sasa ameajiriwa katika mji ambao kutoka kwetu ni safari ya kutwa. Alikutana na Kitinda alipokuja kwa dada yake hapa mtaani, taa za dada zikazimika, Kitinda akaitwa. Taa zilirudi mapema sana. Kitinda yeye alichelewa kurudi. Baada ya miezi ya simu na safari akasema anataka kumwoa, na Kitinda akasema naye anataka, na kwamba mji ule una nyumba nyingi mpya zinazohitaji fundi.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwa kila mmoja wetu, ingawa hakuna aliyelitamka. Kitinda akiondoka, macho ya shemeji yameondoka, na kazi yake imekwisha siku hiyo hiyo. Jibu la ndiyo lilikuwa la kutoka kinywani mwake, na yeye akawa halitoi. Wiki hii ana kazi nyingi. Wiki ile anafikiri. Kijana mwenyewe hakumkataa, hata alimsifu, alisema ana adabu na mikono misafi. Dada yangu akaona isiwe tabu, akamwalika kijana chakula cha mchana Jumapili ili mzee abanwe mezani.

Nilikuwepo. Kijana alikula vizuri, akamwita shemeji "baba" pale panapostahili, akasifu chakula bila kuzidisha. Alipopewa maji ya kunawa simu yake ikalia, akaomba radhi, akatoka kibarazani. Alikuwa rafiki yake aliyesoma naye huko ng'ambo. Shemeji naye akakumbuka ghafla kwamba dirisha la kibarazani halifungi vizuri, akaenda kulikagua. Dirisha hilo halifungi tangu Kitinda anatambaa.

Aliyoyasikia yalikuwa maneno mengi ya kuteleza, na vicheko, na katikati yake 'baba mkwe', kisha likaja neno moja ambalo halikumtatiza hata kidogo. Giza. Kijana alilisema, akacheka, akalirudia.

Shemeji alirudi mezani akakaa wima. Kijana alipoingia, aliambiwa kwa upole kabisa, "Mwanangu, usije ukaachwa na basi." Basi lilikuwa limebakiza saa tatu kuondoka. Kijana aliaga huku anatuangalia mmoja mmoja, hajui kosa lake ni nini. Mlango ulipofungwa ndipo sauti ikatoka.

"Kaniita giza! Mimi! Nimewasha taa mji huu wote, halafu mtengeneza meno anakuja kula kwangu na kuniita giza!"

"Labda alikuwa anasema umeme umekatika kwao," dada yangu alijaribu.

"Amenitaja. Nimesikia 'baba mkwe', nimesikia 'giza'. Sina hamu. Posa hiyo imekufa, msiniletee tena."

Kitinda alikuwa anatoa vyombo. Aliweka sahani mezani taratibu, akamtazama baba yake, akaingia chumbani. Hakuubamiza mlango, na nilitamani angeubamiza. Dada yangu aliniangalia kwa lile jicho la wewe-ndiye-uliyesoma. Nami nilikuwa nimeshabaini, maana kuna neno la Kiingereza linalotamkwa hivyo hivyo, na kijana aliyeishi kule miaka mitatu lazima angelichukua pamoja na baridi.

Nilimpigia simu jioni hiyo kijana wa meno. Masikini, alikuwa bado ndani ya basi, na nilipomweleza aliniomba nirudie.

"Mama mdogo, nilimwambia rafiki yangu nimempata baba mkwe geezer kwelikweli. Ni neno la mapenzi lile. Kule tulikuwa tunamwita hivyo mlinzi wa bweni, na yeye anafurahi."

"Huyu si mlinzi wa bweni. Jumapili ijayo unarudi, na mimi nitakuwa mkalimani."

Jumapili ikafika. Shemeji alikubali tukutane kwa sharti kwamba yeye hatasema neno, sharti alilolivunja kabla hatujakaa. Kijana alikaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti. Kitinda alisimama nyuma ya kiti cha mama yake. Mimi nilikuwa na furaha isiyostahili, nakiri, maana tangu nistaafu hakuna aliyeniomba nieleze neno.

"Shemeji," nilianza, "alichosema huyu si giza letu. Ni giza lenye e mbili mahali pa i."

"Giza ni giza. E zinaongeza nini?"

"Zinaongeza maana. Kwetu ni kukosa nuru. Kwao ni mzee mwanamume."

"Mzee tu?"

Ningesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Lakini mwalimu hastaafu ulimi. "Mzee aliye na vituko kidogo," nikasema. "Wa ajabu-ajabu hivi. Likisemwa kwa kucheka ni la mapenzi. Likisemwa kwa kukunja pua ni dharau. Inategemea mdomo."

Shemeji alifikiri. "Kwa hiyo ameniita mzee wa ajabu-ajabu."

"Kwa mapenzi, baba," kijana akasema.

"Afadhali giza."

Dada yangu alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Hata Kitinda midomo ilimcheza. Nikaona barafu inayeyuka, na hapo ndipo ningenyamaza kama Mungu angenipa akili ya kunyamaza. Badala yake nilitaka kumpa shemeji asili ya neno, nikidhani neno lenye ukoo mzuri litamfariji.

"Tena lina historia yake," nikasema. "Zamani huko kwao, hasa upande wa kaskazini, kulikuwa na watu waliojivika manguo ya ajabu, wakafunika nyuso zao wasijulikane, wakapita nyumba kwa nyumba wakiigiza na kuchekesha. Mtu wa namna hiyo walimwita guiser, yaani aliyejibadilisha sura. Wataalamu wengi wanaona geezer limezaliwa hapo. Kwanza mtu aliyejificha ndani ya vazi, halafu mtu wa vituko, halafu mzee wa vituko. Sisi tungesema mwigizaji. Na hebu sikia ajabu hii, ni bahati tu, maneno hayana undugu, lakini sikia: mwi-giza-ji! Giza limo tumboni mwake!"

Nilipiga na kofi moja, kama darasani. Kofi likabaki peke yake sebuleni.

Shemeji hakucheka. Alikuwa ametazama mahali nilipo, kidogo kushoto kwangu, kama alivyokuwa akitutazama sote siku hizo. Kitinda aliinamisha kichwa. Dada yangu akaanza kukunja kitambaa cha meza kilichokuwa kimekunjwa tayari. Kijana wa meno alitugeukia mmoja mmoja kwa mara ya pili katika nyumba hiyo, na safari hii nadhani alielewa.

"Mwigizaji," shemeji alisema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo vile. "Mke wangu. Nani mwingine anajua?"

Dada yangu hana desturi ya kudanganya. "Mtaa mzima, baba watoto."

"Hata mwenye duka?"

"Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

"Na fundi cherehani?"

"Shemeji," nikasema, "lile sanamu hata sasa lina deni lako la salamu."

Nilitaka kumpa pa kupumulia, naye akapatumia, akacheka kidogo. Kisha akafuta uso kwa kiganja. Alituambia kwamba alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho, peke yake, zamani kidogo, akamdanganya dada yangu kuwa anakwenda kununua waya. Na kweli alirudi na waya, alinunua njiani ili uongo uwe na ushahidi. Daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba atolewe mapema, ni kazi ndogo. Akasema sawa. Hakurudi. Alimwogopa yule mtu na kile kisu, na aliogopa zaidi kukaa kwenye benchi lile na kuonwa na mteja.

"Nilijiambia, ninaye Kitinda," akasema. "Kitinda anaona, inatosha."

Hapo akamgeukia kijana, au mahali alipodhani yupo, na akakosea kwa kochi moja. Kijana alihama haraka, bila kelele, akakaa pale alipokuwa anatazamwa. Nilimpenda kijana huyo kuanzia dakika ile.

"Wewe bwana wa meno, sikiliza. Mimi nina watoto wawili wa jicho. Mmoja anatakiwa na daktari, mwingine unamtaka wewe. Yule wa daktari ananizuia kuona. Huyu wako ndiye ninayeonea. Mnataka kunitolea wote wawili, halafu mimi nibaki nani?"

Kitinda alikuwa analia bila sauti, na dada yangu alikuwa amemshika mkono bila kugeuka.

"Baba," kijana akasema mwishowe, "anza na wa daktari. Mimi nitasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umwone huyu unayenipa. Huwezi kutoa kitu hujakitazama."

Shemeji alinigeukia. "Ana maneno huyu," akaniambia mimi, kana kwamba ni kosa langu. Lakini kesho yake alimwambia dada yangu atafute ile kadi ya hospitali, ilikuwa ndani ya boksi la swichi, na asiulize imefikaje huko.

Walimfanyia jicho moja kwanza. Alilalamika tangu mlangoni. Alimwuliza daktari kama mashine zake zimefungwa waya wa ardhini, na akiwa amelazwa kitandani aliwaambia wauguzi kwamba taa ile juu yake inalia, choki ya tyubu imechoka, ibadilishwe. Ilibadilishwa, nasikia, baadaye. Alirudi nyumbani na bandeji na hadithi ndefu ya ushujaa ambayo dada yangu, aliyekuwa amekaa naye, aliisikiliza kama habari mpya.

Siku ya kufunguliwa bandeji tulikwenda wote. Kijana wa meno alisafiri usiku akafika na macho mekundu. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja, pazia la kijani, sisi tumejipanga ukutani kama watu wa kupigwa picha ya pasipoti. Muuguzi akaondoa bandeji, akafuta, akamwambia afumbue taratibu.

Alianza na mimi, akasema, "Shemeji, kumbe umezeeka hivi?" Nikajua jicho limepona. Akamtazama dada yangu, muda mrefu, akamshika shavu. Akamtazama kijana wa meno kutoka viatu hadi nywele, akatikisa kichwa, akamwuliza Kitinda, "Una hakika?" Tukacheka sote, hata muuguzi.

Kisha akamwita Kitinda asogee. Akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, na kicheko kikamwisha. Juu ya sikio la Kitinda, pale anapobana nywele ili zisishike utando wa buibui wa darini, palikuwa na mvi. Si nyingi. Sisi tulikuwa tumezizoea, tulizimaliza kwa utani zamani. Yeye ndiyo kwanza anaziona. Alizigusa kwa kidole kile kile anachoshikia waya.

"Hii rangi gani?" akauliza.

"Nyeupe, baba," Kitinda akasema.

"Nimekuchelewesha, mama. Mimi nilikuwa nakuona bado mdogo."

Kitinda akaweka kichwa begani mwa baba yake. Mimi nililia palepale mbele ya muuguzi, wala sioni haya. Shemeji aliunyoosha mkono wake mwingine kwa kijana wa meno, na safari hii hakukosea, akamvuta karibu, akauweka mkono wa Kitinda ndani ya mkono wa kijana huyo. Halafu akamwuliza daktari jicho la pili ni lini, kwa sababu ana harusi ya kwenda.